Rangi ya Kuazima Haisitiri

Waswahili tuna msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeusema hakuwahi kuuza sambusa kwa WhatsApp. Siku hizi kizuri nacho kinatembezwa, tena usiku na mchana, kwa sababu muuzaji yuko Leicester na mnunuzi yuko Milton Keynes, au mmoja yuko Muscat na mwenzake Salalah, na kati yao hakuna sinia la kuonja wala kanga ya kupapasa. Kilichopo ni picha tu. Picha ndiyo duka, ndiyo kabati la kioo, ndiyo harufu ya chapati inayomfikia mpita njia. Anayeichezea picha anachezea riziki yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, nayaandika haya nikiwa na hasira kidogo, mniwie radhi. Kuna mtindo umeingia katika biashara zetu ndogo huku ughaibuni na umeenea kama upupu. Mtu amepiga picha za bidhaa zake kwa simu. Kisha ananunua mtandaoni furushi la priseti za kuhariri picha. Humo mna kumi, hamsini, wakati mwingine mia nzima, zenye majina matamu ya asali, ya machweo na ya jangwa. Anabonyeza mara moja, na picha zake zote zinabadilika rangi kwa pamoja. Anaambiwa kwamba sasa biashara yake imepata sura, imekuwa chapa. Mimi nasema amevishwa nguo ya mtu mwingine, na wazee walishatuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa wasioijua, priseti haina uchawi wowote. Ni orodha ya namba. Programu kama Lightroom ya kampuni ya Adobe, iliyoingia sokoni mwaka 2007, humwezesha mtu kurekebisha picha kisha akahifadhi marekebisho yale ili ayatumie tena katika picha nyingine. Orodha ile iliyohifadhiwa ndiyo priseti. Instagram ilipoanza Oktoba 2010 ilikuja na ndugu yake, filta, na dunia nzima ikazoea kubadilisha rangi ya picha kwa kidole kimoja. Tofauti ya ndugu hawa wawili ni kwamba filta aghalabu huja imefungwa, ila priseti unaweza kuifungua, ukaziona namba zilizomo na kuzibadilisha. Ishikeni tofauti hiyo, mbele tutaihitaji.

Namba hizo ni amri: ongeza mwanga kiasi hiki, punguza kiza kiasi kile, isogeze manjano iwe chungwa, fifisha kijani. Priseti haina macho. Haijui kama iliyo mbele yake ni sahani ya biriani au ni bwana harusi. Ni kama fundi cherehani aliyempima mtu mmoja, akashona suti mia kwa vipimo vile vile, akaziuza barabarani kwa mrefu na mfupi. Swali ambalo wanunuzi hawaulizi ni hili: yule aliyepimwa alikuwa nani?

Tuanze na chakula, maana hata mwenye kubisha hula. Mitindo inayouzwa sana ni mitatu. Kuna wa weupe uliofifia, ambao kila kitu huonekana kimemwagiwa maziwa. Kuna wa chungwa na samawati, ambao penye mwanga huwa pa chungwa na penye kivuli huwa kama maji ya bahari. Na kuna wa giza la kahawia, ambao huua kijani chote kibaki rangi ya majani makavu. Mitindo hii inaweza kupendeza kwenye kikombe cha kahawa katika mkahawa wenye kuta nyeupe. Ipeleke sasa kwenye sinia la kwetu. Mchicha wa nazi unageuka majani ya chai yaliyochujwa. Kachumbari inaonekana imelala siku mbili. Biriani, ambayo fahari yake ni ule wali wenye punje nyeupe, za manjano na za chungwa zilizochanganyika, inakuwa rangi moja tu, kama wali uliomwagiwa mchuzi wa jana. Mama wa watu ameamka alfajiri kukaanga vitunguu na kuroweka zafarani, halafu kazi yote inafutwa kwa namba za mtu asiyeijua zafarani.

Njoo kwenye nguo. Sote tunajua habari ya sare. Harusi inakaribia, wanawake thelathini au arobaini wamekubaliana rangi moja, wengine wako London, wengine Toronto, wengine wanapanda ndege kutoka Dubai. Picha ya kitambaa imezunguka katika simu zao zote, na wamekubali zambarau. Mzigo unafika, kumbe ni rangi ya biringani iliyoiva, kwa sababu priseti ya muuzaji ilipunguza ukolezo wa rangi na kuongeza mwanga. Siku zimebaki nne. Nani atalaumiwa? Hatalaumiwa aliyetengeneza priseti. Jina litakalotajwa ukumbini, na mwaka ujao, na kila harusi itakayofuata, ni la muuzaji. Na wanawake wa Kiswahili, ndugu zangu, hawasahau sare.

Fundi wa hina naye amejiingiza mtegoni. Biashara yake nzima ni rangi: hina ielekee wekundu, piko iwe nyeusi ya mkaa. Bibi harusi anachagua fundi kwa kutazama picha za mikono aliyoipamba. Sasa fundi akiweka priseti inayovuta chungwa kuelekea kahawia, hina yake nzuri inafanana na ya dukani iliyochacha. Akiweka inayokoleza, anaahidi wekundu ambao mkono hautautoa. Kwa vyovyote ameshindwa, ama amejidharau, ama amedanganya.

Neno hilo, kudanganya, wengine wataliona kali mno. Sisi tulio Uingereza tutazame sheria ya nchi tunayofanyia biashara. Kwa kanuni za mwaka 2013, mteja anayenunua kwa mfanyabiashara bila kufika dukani ana siku 14 tangu apokee bidhaa kubadili mawazo yake bila kutoa sababu. Chakula kinachoharibika na nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mteja havimo humo, lakini Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 inasema bidhaa lazima ilingane na ilivyoelezwa, na isipolingana mteja ana siku 30 za kuikataa na kudai fedha zake. Mwenye duka kubwa anaweza kubeba marejesho mia. Mwenye chumba kimoja cha nyuma kilichojaa madera akirudishiwa kumi, faida ya mwezi imekwenda.

Na serikali za matangazo zimeshaamka. Mwaka 2011 mamlaka inayosimamia matangazo hapa Uingereza ilizuia matangazo ya vipodozi ya kampuni kubwa kwa sababu nyuso zilizokuwamo zilikuwa zimesafishwa kupita kiasi. Februari 2021 mamlaka hiyo hiyo ilisema filta zisitumike kutangazia vipodozi ikiwa zinakuza kile ambacho kipodozi kinaweza kufanya. Hawakuzungumzia biriani, ni kweli. Lakini kanuni ni moja: picha ya tangazo ni ahadi.

Sasa nifike panaponiuma zaidi, nalo ndilo jibu la swali la yule aliyepimwa. Watazame wapambaji wetu wa maharusi, wasusi, wauza mabuibui na wauza kofia. Bidhaa zao huvaliwa na watu, na watu wetu wana ngozi za rangi zote, kuanzia maji ya kunde hadi weusi unaong'aa. Katika programu hizi ngozi ya binadamu, awe mweupe au mweusi, rangi yake iko zaidi kwenye fungu la chungwa. Priseti nyingi zinazosifiwa kwa kutoa ngozi safi hufanya kazi mbili katika fungu hilo: zinapandisha mwanga wake na kupunguza ukolezo wake. Mtu wa ngozi nyeupe aliyebabuka kidogo kwa baridi hupendeza. Mtu mweusi hugeuka jivu. Uso wake unakuwa kama aliyetoka kuugua, au kama aliyejipaka dawa ya kujichubua.

Jambo hili lina historia, na si ya jana. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha za rangi zilipewa kadi ya kupimia yenye picha ya mwanamke, na kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha mwanzoni. Alikuwa mweupe, na waliomfuata katika kadi hizo kwa miaka mingi walikuwa weupe vile vile. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, picha ilihesabiwa imetoka sawa. Mtoto mweusi aliyekaa karibu na wenzake weupe katika picha ya darasa alibaki meno na macho. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alichapisha mwaka 2009 utafiti wake juu ya kadi hizi, na humo mna jambo la kuchekesha na kuliza kwa pamoja: waliosaidia kuisukuma Kodak irekebishe filamu zake ili zitofautishe rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti ilisikilizwa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Filamu imepita, na makampuni ya simu yenyewe yamekiri tatizo. Oktoba 2021 Google ilitoa simu yake ya Pixel 6 ikijinadi kwamba kamera yake imefundishwa upya kuonyesha ngozi nyeusi kama zilivyo. Yaani baada ya miaka yote hiyo, kiwanda kimeanza kutuona. Na sisi, kwa fedha zetu wenyewe, tunanunua priseti ya kumrudisha Shirley! Mpambaji mweusi, bibi harusi mweusi, wateja weusi, na bado picha inapimwa kwa uso wa mwanamke wa kadi. Nani ametulazimisha?

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Wa kwanza atasema: "Bila priseti picha zangu hazifanani, na wataalamu wanasema chapa ni kufanana." Hapo anasema kweli, na sitamnyima haki yake. Ukurasa wa biashara ambao picha moja ni ya manjano, ya pili ya samawati na ya tatu imepigwa gizani haumpi mteja imani. Lakini kufanana si jambo tuliloletewa na Instagram. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887, zimejulikana pwani nzima kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye nguo. Mji ulibadilika, pindo likabadilika, jina likabadilika kila toleo, na alama ikabaki pale pale. Bibi zetu waliitambua bila kuambiwa. Hakuna aliyehitaji kuzifanya kanga zote ziwe na rangi ya mchanga ili ajulikane ni nani mwenye duka. Kama unataka kufanana, tumia mkeka ule ule, sinia lile lile, kona ile ile ya nyumba, nembo ile ile. Rangi ya bidhaa iache.

Wa pili atasema: "Hata simu za wateja zina rangi tofauti, kwa hiyo ukweli huo unaoudai haupo." Ni kweli kwamba vioo vya simu havifanani, na kuna wanaotazama usiku huku simu imewekwa manjano ya kupumzisha macho. Lakini mtu hamwagi maji kwa sababu ndoo inavuja. Ikiwa simu ya mteja itapotosha kidogo, wewe ukipotosha kwanza mtakuwa wawili.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemhurumia, atasema: "Mimi nina watoto, nina zamu hospitalini, nabeba maboksi, biashara naifanya saa nne usiku. Sina muda wa kujifunza mambo ya namba." Dada, kaka, nakuelewa. Ndiyo maana sikuambii uache priseti. Nakuambia tengeneza yako, mara moja, kisha ikutumikie. Kumbuka nilisema priseti hufunguka. Hata ile uliyonunua unaweza kuifungua ukairekebisha, ingawa ni rahisi zaidi kuanza upya.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja ya Jumamosi. Weka bidhaa karibu na dirisha na uzime taa zote za ndani, kwa maana balbu ina manjano na dirisha lina samawati, na zikichanganyika hakuna priseti duniani itakayozitenganisha. Huku Ulaya wakati wa baridi mwanga wa maana ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, basi panga hivyo. Katika picha ya kwanza weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa. Kwenye programu kuna kidude cha kudonolea rangi, kigusishe kwenye karatasi, nayo programu itajua nyeupe ni ipi na kuzipanga rangi nyingine. Kisha ishike bidhaa yenyewe mkononi kando ya kioo cha simu, ukiwa umezima ule umanjano wa usiku, na usogeze mwanga na ukolezo mpaka vilivyo mkononi na vilivyo kwenye kioo vifanane. Hapo hifadhi. Hiyo ndiyo priseti yako. Itumie kwa picha zote utakazopiga mahali pale, kwa mwanga ule.

Ukiwa mpambaji au muuza nguo, tengeneza ya pili kwa ajili ya watu, na usiipime kwa mtu mmoja. Waite jamaa watatu, mweusi sana, wa kati na maji ya kunde, wasimame pamoja mbele ya dirisha. Ikimfaa mmoja na kumharibu mwingine, haijawa tayari. Kisha mtumie picha jamaa yako aliye mbali mwenye simu ya bei nafuu, umwulize rangi anayoiona. Akijibu jina la rangi uliyonayo mkononi, umemaliza.

Na kwa vijana wetu wanaojua kompyuta, ambao baadhi yao wameanza nao kuuza mafurushi ya priseti: msituuzie tena nakala za jangwa la California. Tengenezeni za ngozi zetu, za nazi na bizari, za kitenge chini ya mwanga hafifu wa Novemba mjini Birmingham, na za mchana mkali wa Muscat ambako kivuli kinakata kama kisu. Soko lipo, na halina mwenyewe. Mnao wa kujifunza kwao. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa kuanzia miaka ya 1940 alikuwapo N. V. Parekh na studio yake. Mabwana hao walipiga picha Waswahili, Waarabu na Wahindi wa mji mmoja, weusi kwa weupe, na mteja aliyetoka na picha alitaka kujiona yeye. Taa walizipanga kwa uso uliokaa mbele yao. Hawakungoja namba kutoka kwa mtu asiyewahi kuuona uso huo.

Sisi wateja nasi tuna deni letu. Tumezoea kuzipigia makofi picha zilizofifishwa kwa sababu zinafanana na za maduka makubwa, na mama aliyepiga sambusa zake kama zilivyo tunamwambia picha zake "hazina hadhi". Hadhi ipi? Sambusa ni kahawia ya dhahabu, na mafuta kidogo kwenye karatasi ni dalili kwamba imetoka jikoni sasa hivi. Tumwambie ukweli mwenye biashara. Kitambaa kikija na rangi nyingine, tusinung'unike kwenye kundi la harusi. Tumpigie simu yeye mwenyewe, kwa adabu, ajue.

Tulipovuka bahari tulikuja na vitu vichache, na kimoja kati ya hivyo ni neno la muuzaji. Bibi anayeuza vitumbua kibarazani hafuniki vilivyoungua kwa vilivyoiva, kwa sababu kesho atakaa pale pale na wewe utapita pale pale. Huku hatuna kibaraza. Tuna picha. Basi na iwe na aibu ile ile ya kibarazani: kinachoonekana ndicho kilichomo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Atakayefungua kifurushi chako wiki ijayo na akute rangi aliyoichagua, huyo atarudi, na atakuja na shoga zake.